Amplifaya ya hedifoni imeharibika: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu hatua kwa hatua

Amplifaya ya hedifoni ya bei kubwa inatisha kwa bei, si kwa saketi. Ndani mna transfoma, sehemu ya kunyoosha na kutuliza umeme, chaneli mbili zinazofanana kama mapacha, na relei, swichi inayoendeshwa na umeme, inayosimama kati ya saketi na masikio ya mwenye mali. Ufanano huo wa chaneli ndio silaha yako kuu. Kushoto kukifa, kulia bado kunakuonyesha kila volti inayotakiwa kuwa kushoto. Kwa hiyo hata bila mchoro wa saketi, ambao watengenezaji wengi hawautoi, unaweza kufuata vipimo mpaka kwenye kifaa kilichoungua. Kinachoziua mashine hizi mezani ni kubahatisha: fundi anabandua opampu zote (chipu ndogo za kukuza mawimbi ya sauti), anabadilisha kila kapasita, na mwisho wa siku hitilafu ya awali ingalipo na njia za shaba za bodi zimeng'oka. Usitoe kipuri ambacho kipimo hakijakishtaki.

Maelezo haya ni ya amplifaya za transista zenye transfoma ndani. Za valvu zina DC ya 200 hadi 300 V na zaidi, na zile za kielektrostatiki, kama za Stax, hupeleka 580 V kwenye soketi yenyewe ya hedifoni. Kama hujazoea volti za namna hiyo, mpe anayezijua.

Kabla ya kushika bisibisi

Anza ukutani. Umeme wa Uganda ni 240 V, 50 Hz, lakini jioni watu wanapopika na kupiga pasi, soketi nyingi hushuka chini ya hapo. Chukua amplifaya yenye transfoma ya 15 V AC na regyuleta 7815, kifaa kinachotuliza umeme ubaki 15 V. Kwenye 240 V, kapasita kubwa hupata karibu 19.8 V. Umeme ukishuka hadi 190 V, kapasita hizo hubaki na takriban 15.4 V, na 7815 inahitaji angalau 17.5 V ili itoe 15 V safi. Matokeo yake ni mvumo mzito unaokuja saa moja usiku na kutoweka saa tano. Hapo mashine ni nzima, na dawa yake ni stabilaiza.

Inveta za sola za bei nafuu, zile zisizotoa wimbi laini, nazo huifanya transfoma ya duara ivume na kupata joto. Ijaribu mashine kwenye umeme wa gridi kabla ya kuihukumu.

Kisha soma maandishi ya nyuma. Mashine nyingi zinazoingia Kampala mikononi mwa wasafiri ni za 120 V kutoka Marekani au 100 V kutoka Japani. Plagi ikibadilishwa tu na mashine ikachomekwa ukutani, fyuzi hukatika na mara nyingi varista, kile kidonge cha bluu au njano kando ya fyuzi, hupasuka. Ukiona varista imepasuka kwenye mashine ya 120 V, una habari njema: huenda ilijitoa mhanga kabla transfoma haijaungua.

Mwisho, badilisha waya za kuingiza sauti: ya kushoto iweke kulia, ya kulia iweke kushoto. Ukimya ukihamia upande wa pili, tatizo liko kwenye waya au chanzo cha sauti. Ukibaki palepale, liko kwenye amplifaya au hedifoni. Fanya hivyohivyo kwa waya wa hedifoni kama unachomoka.

Meza ya kazi

Unahitaji maltimita yenye kipimo cha dayodi na kinachosoma hadi 0.1 mV DC, chuma cha kulehemu cha 40 hadi 60 W chenye joto la kurekebishwa, utambi wa kunyonya lehemu, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na vitu viwili ambavyo wengi huviruka.

Cha kwanza ni taa ya mfululizo. Kata waya wa moto wa ekstensheni, uunganishe kupitia kishikio cha balbu, na uweke balbu ya nyuzi ya 60 W. Ya LED haifai hata kidogo, ila ya halojeni inafaa. Amplifaya ya daraja A (Class A), inayokula 30 hadi 40 W muda wote hata bila muziki, itahitaji balbu ya 100 W. Mashine nzima huiwasha balbu mara moja kwa nguvu, kisha mwanga hufifia. Balbu ikibaki inawaka kikamilifu, kuna shoti ndani, na badala ya moshi umepata mwanga.

Cha pili ni mzigo bandia: rezista mbili za 33 Ω, 5 W, zilizolehemiwa kwenye plagi ya 6.35 mm. Kwenye plagi hiyo ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi. Hedifoni za mteja zikae kabatini hadi kazi iishe. Chaneli iliyoharibika inaweza kutoa 15 V za DC, na 15 V kwenye koili ya 32 Ω ni wati 7. Koili ya kazi ya miliwati haivumilii hilo.

Kabla ya kugusa bodi, chomoa plagi na umwage chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya 220 Ω, 5 W, sekunde kumi kila moja, kisha pima uhakikishe ziko chini ya 1 V. Kuzigusisha kwa bisibisi kunatoboa njia za shaba na kuharibu kapasita zenyewe.

Macho na pua kwanza

Fungua, washa taa kali, tumia dakika kumi kuangalia tu. Mashine iliyosafirishwa kwa basi kutoka Gulu au Mbarara, kisha ikamaliziwa safari kwa boda, imetikiswa na transfoma ya kilo moja au mbili. Angalia lehemu za miguu ya soketi ya hedifoni, kitasa cha sauti na vifaa vilivyofungwa kwenye bati la kupoza. Lehemu iliyokufa ina mviringo mwembamba mweusi kuzunguka mguu, kama uzi. Ukiusukuma mguu kwa kijiti cha mbao utauona unacheza ndani ya lehemu yake. Ongeza lehemu mpya yenye fluksi, usiyeyushe tu ya zamani.

Angalia pia boliti ya transfoma ya duara. Ncha yake ya juu ikigusa kifuniko cha chuma, boliti na boksi vinakuwa mzunguko mmoja wa waya uliopigwa shoti, na fyuzi itakatika kila kifuniko kikirudishwa. Hitilafu hii huwachanganya watu kwa sababu mashine ikiwa wazi inafanya kazi vizuri.

Halafu wadudu. Joto la daraja A huwaita mende, sisimizi na mijusi kafiri. Kinyesi cha mende kinapitisha umeme kikipata unyevu, na Entebbe au Jinja, kando ya ziwa, unyevu haukosekani. Safisha kwa alkoholi na mswaki laini, ukaushe kabisa, kisha endelea. Kwenye mashine za zamani utakuta gundi ya kahawia iliyokauka chini ya kapasita: nayo hugeuka kuwa kipitisha umeme na kula miguu ya vifaa. Ikwangue yote.

Haiwaki kabisa

Pima fyuzi kwa mita, usiiamini kwa macho. Ikiwa imekatika, soma maandishi yake: T500mA maana yake ni ya kuchelewa, nusu ampea, F ni ya haraka. Transfoma ya duara hunywa umeme mwingi mara inapowashwa, kwa hiyo fyuzi ya F kwenye nafasi ya T itakatika bila kosa la mtu. Waya badala ya fyuzi hauna nafasi hapa, hata kwa kujaribu, kwa sababu taa ya mfululizo ipo kwa kazi hiyohiyo.

Fyuzi nzima, lakini kimya? Chomoa plagi na upime kati ya miguu yake miwili ya umeme, wa moto na wa nyutro, si wa ethi, huku swichi ikiwa imewashwa. Transfoma ya 30 hadi 50 VA husoma makumi ya omu. Mita ikionyesha wazi, yaani hakuna njia ya umeme, fuata waya: swichi, kishikio cha fyuzi, kisha transfoma yenyewe. Transfoma nyingi zina fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya tabaka la kwanza la tepu. Ikikatika transfoma huonekana imekufa, ingawa nyuzi zenyewe ni nzima. Inabadilishwa kwa nyingine ya joto lilelile lililoandikwa juu yake, lakini kwanza jua kilichoichemsha.

Fyuzi iliyokatika na kioo cheusi ndani inasema shoti kali. Pima varista ikiwa imetolewa: nzima husoma wazi. Kwa 240 V, varista ya 14D431 ndiyo ya kawaida, lakini kwa umeme wetu unaopanda ghafla, 14D471 huishi zaidi. Kisha pima dayodi nne za daraja la kunyoosha umeme (bridge): kila moja itoe kati ya 0.5 na 0.7 upande mmoja, na wazi upande wa pili. Ikisoma 0.000 pande zote, imekufa. Radi za misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, hufuata njia hii hasa: varista, fyuzi, daraja, na zikizidi, transfoma.

Kuhamisha mashine ya 120 V kwenda 240 V kunawezekana ikiwa transfoma ina nyuzi mbili za kuingiza. Kwa 120 V huwa sambamba. Kwa 240 V ziunge mfululizo, mwisho wa moja kwenye mwanzo wa nyingine. Fyuzi inashuka nusu, T1A inakuwa T500mA, na varista ya 14D241 lazima iondoke iwekwe ya 240 V. Jaribu kupitia taa ya mfululizo: ukigeuza uzi mmoja kinyume, balbu itakuambia. Ikiwa uzi ni mmoja tu, nunua transfoma ya kushusha yenye uwezo mara mbili ya wati za mashine.

Njia za umeme wa ndani

Weka ncha nyeusi kwenye ardhi ya saketi na upime pande mbili, chanya na hasi. Zinatakiwa kulingana kwa karibu: +15.1 na −14.9 ni sawa, +15 na −9 ni tatizo.

Hapa mafundi wazuri huteleza kwenye mpangilio wa miguu. 7815, ukiitazama usoni, ni ingizo, ardhi, pato. 7915 ni ardhi, ingizo, pato. LM317 ni rekebisho, pato, ingizo; LM337 ni rekebisho, ingizo, pato. Bati la mgongoni nalo hutofautiana: kwenye 7815 ni ardhi, lakini kwenye 7915 na LM337 ni ingizo, na kwenye LM317 ni pato. Kwa hiyo kizuizi chembamba kati ya bati hilo na kipoza kikitoboka, upande mmoja unaweza kukaa sawa na mwingine ukapiga shoti. LM317 nzima huonyesha 1.25 V kati ya rekebisho na pato. Ukipata namba nyingine wakati ingizo liko juu kwa volti tatu au zaidi, ama regyuleta imekufa ama inavutwa chini na mzigo.

Kujua lipi kati ya hayo mawili, zima, mwaga chaji, pima omu kutoka pato hadi ardhi. Chini ya 10 Ω maana yake shoti iko mbele, na mara nyingi ni kapasita ndogo ya seramiki au tantalamu kando ya opampu fulani. Tumia usambazaji wa benchi: 1 V, kikomo cha nusu ampea, kwenye njia hiyo. Paka alkoholi juu ya eneo hilo, na pale inapokauka kwanza ndipo penye shoti. Volti 1 haitoshi kuamsha vifaa vizima, kwa hiyo havipati madhara.

Relei haibofyi, au DC iko kwenye pato

Amplifaya nzuri hubofya sekunde tatu hadi kumi baada ya kuwashwa. Isipobofya, ama saketi ya ulinzi, inayozuia DC isifike kwenye hedifoni, imeharibika ama inafanya kazi yake. Kamwe usiunge miguu ya relei kwa waya ili sauti itoke.

Pima DC upande wa relei unaotoka kwenye saketi, kabla haijafunga, chaneli zote mbili, ingizo likiwa limefungwa shoti na sauti chini. Chini ya 10 mV ni safi. Kati ya 10 na 50 mV itafanya kazi ila tafuta sababu. Juu ya 50 mV usimrudishie mteja. Kwenye amplifaya ya balansi, ambayo kila chaneli ina pato chanya na hasi, pima kila mguu dhidi ya ardhi na pia kati ya chanya na hasi ya chaneli moja. Soketi ya XLR ya miguu minne ni kushoto chanya, kushoto hasi, kulia chanya, kulia hasi, kuanzia 1 hadi 4. Hasi hizo mbili usiziunganishe kamwe na ardhi.

Kama zote mbili ni safi na relei bado kimya, ishuku saketi ya ulinzi. Nyingi hutumia IC (chipu) ya uPC1237. Mguu wa 2 husikiliza DC na unatakiwa kukaa karibu na sifuri. Mguu wa 6 hushuka ili kuivuta relei. Kapasita ya mguu wa 7, inayochelewesha, ikivuja, muda wa kusubiri hauishi. Rezista inayoleta AC kwenye mguu wa 4 ikikatika, IC hudhani umeme umezimwa.

Kama chaneli moja imekaa, tuseme, −13 V, nenda kwenye opampu. Ya miguu minane yenye opampu mbili ina 1 na 7 kuwa mapato, 2 na 6 maingizo ya kugeuza, 3 na 5 maingizo yasiyogeuza, 4 umeme hasi, 8 umeme chanya. Sheria ni moja: mguu wa 3 ukiwa juu ya mguu wa 2, pato lazima liende upande chanya; ukiwa chini, liende hasi. Ukikuta mguu wa 3 una 0 V, mguu wa 2 una −0.4 V, na mguu wa 1 umelala −13 V, opampu imeivunja sheria: imekufa, itoe. Ukikuta inaitii sheria lakini pato la mwisho bado limeganda, yenyewe inapigana na kosa lililo mbele yake, kwa kawaida transista ya pato. Ndivyo ilivyo hata kwa opampu ya sevo ya kurekebisha DC: ikiwa imekwama juu kabisa, inakuonyesha kwamba kuna kitu kingine kinachovuta upande wa pili.

Transista za pato zipime kwa kipimo cha dayodi, mashine ikiwa imezimwa, kushoto na kulia kwa mpangilio uleule, na uandike namba kwenye karatasi. Tofauti ndiyo jibu. BD139 na BD140 zina mpangilio wa emita, kolekta, besi. Aina ya MJE15030 ni besi, kolekta, emita, kwa hiyo haziingiliani kwa kuangalia tundu tu. Moja ikifa, badilisha na mwenzake, kisha pima rezista za emita, rezista za besi na transista inayopanga mkondo wa utulivu, yaani mkondo unaopita kwenye transista za pato bila sauti yoyote. Ukiacha hata moja iliyokatika, vipuri vipya vitaungua siku hiyohiyo.

Kabla hujagusa kirekebishi cha mkondo wa utulivu, weka alama ya kalamu mahali kilipo. Mkondo unausoma kwenye rezista ya emita: 22 mV kwenye 2.2 Ω ni 10 mA. 100 mV kwenye 1 Ω ni 100 mA. Kama huna kitabu cha mashine, panga chaneli uliyotengeneza ilingane na nzima, zote zikiwa zimepata joto kwa dakika thelathini.

Sauti inakatika au inakwaruza

Chaneli inayopotea sauti ikiwa chini na kurudi ukipandisha, au ukigonga boksi kidogo, ina relei iliyoota kutu kwenye viunganishi. Relei inayofunguka isafishwe kwa kipande cha karatasi kilicholowekwa alkoholi, kivutwe taratibu kati ya viunganishi. Msasa unaondoa tabaka la dhahabu au fedha, na baada ya mwezi hali huwa mbaya kuliko mwanzo. Iliyozibwa ibadilishwe kwa yenye volti ileile ya koili na miguu ileile.

Kitasa kinachokwaruza kina uchafu au DC. Pima DC kwenye mguu wa kati ukikizungusha: namba ikipanda na kushuka kwa milivolti kadhaa, kapasita ya kuunganisha iliyo kabla yake au opampu baada yake inavuja, na kusafisha hakutasaidia. Kama ni uchafu, tumia dawa ya vitasa yenye mafuta kidogo, na si WD-40.

Mvumo

Mvumo wa 50 Hz, mzito na laini, hutoka kwenye mzunguko wa ardhi (vifaa viwili vilivyounganishwa ardhi kwa njia zaidi ya moja) au transfoma. Wa 100 Hz, wenye ukali kidogo, hutoka kwenye kapasita kubwa au regyuleta. Programu ya bure ya kuchambua sauti kwenye simu inautofautisha vizuri. Weka mita kwenye AC na upime njia ya DC: kabla ya regyuleta 0.1 hadi 0.5 V ni kawaida, baada yake ziwe milivolti chache tu. Mita za bei nafuu hudanganyika kwa DC, kwa hiyo weka kapasita ya 1 µF, 100 V, mfululizo na ncha moja.

Angalia ethi pia. Ekstensheni nyingi zina tundu la tatu lisilounganishwa na chochote ndani. Kati ya boksi la amplifaya na mguu wa ethi wa plagi yake, mita isome chini ya 0.5 Ω.

Vipuri

Kapasita bandia zimejaa madukani: ganda la 4700 µF, ndani ndogo ya 1000. Nenda dukani na mita inayopima kapasita na upime kabla ya kulipa. Chukua za 105 °C, volti sawa au zaidi, na upime nafasi ya miguu, 5, 7.5 au 10 mm, kabla ya kuondoka nyumbani. Transista za pato na opampu za bei ni bora ziagizwe kwa wauzaji wakubwa wa nje kama Mouser au Farnell, hata kama zitachukua wiki kadhaa. Mwambie mteja ukweli huo mapema.

Kuirudisha kazini

Washa kupitia taa ya mfululizo, pima njia za umeme, pima DC kwenye pato. Ondoa taa, upime tena ikiwa baridi na baada ya nusu saa. Unganisha mzigo bandia wa 33 Ω, cheza toni ya 400 Hz kutoka kwenye simu, na ulinganishe volti za AC kushoto na kulia kwenye nafasi tatu za kitasa. Tofauti ndogo sauti ikiwa chini kabisa ni ya kitasa chenyewe na haina tiba. Iache hivyo saa mbili, kifuniko kikiwa kimefungwa, kwa sababu hitilafu za joto hujificha boksi likiwa wazi. Zima na uwashe mara kumi, ukipima msukumo wa DC relei inapofunga. Baada ya hapo sikiliza kwa spika za masikioni za bei ndogo usizoona uchungu kuzipoteza, kisha ndipo ufungue kabati na kutoa hedifoni za mteja.